Kichwa Kilichorukwa

Chumba chetu ni kimoja, kimekatwa katikati kwa pazia la maua. Upande wa barabarani anasuka jirani yangu, na upande wa nyuma, penye dirisha, nashona mimi. Wateja wake humwita Mkono wa Pamba, kwa sababu ukikaa mbele yake husikii kuvutwa. Unaweza kusinzia ukaamka umesukwa. Mimi nina majina mengine hapa mtaani, maana mdomo wangu haujui kunyamaza, lakini hayo tuyaache.

Ana binti mmoja, yuko darasa la nne, na mtoto huyo ndiye tangazo lake. Kila mtindo mpya huanzia kichwani kwake. Husukwa jioni, asubuhi anakwenda nao shule, na kabla ya wiki kwisha mama za wenzake wamejaa kwenye benchi wakisema, "Nataka kama wa yule mtoto." Mwishowe tukaacha jina lake tukamwita Bango, naye akaitika. Hata mwalimu wake wa darasa ni mteja hapa. Siku chache kabla ya Alhamisi ninayoisimulia alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, akasukwa mistari myembamba, akatoka akijitazama kwenye kila dirisha la kioo.

Alhamisi hiyo Bango alirudi kutoka shule akapita bila kusalimia. Mama yake hakuona, alikuwa na yake. Kulikuwa na arusi inakuja, na shangazi wa bibi arusi alikuwa ameahidi kuleta ukoo mzima: bibi arusi, wapambe, mama wakubwa na mama wadogo. Kwa msusi anayefanyia kazi kwenye nusu chumba, hiyo ni bahati ya kuota. Akamkalisha binti yake katikati ya magoti, afumue mistari ya zamani amjaribie mtindo wa bibi arusi. Mimi nilikuwa napiga pindo la sketi. Niliwasikia wakiongea, kisha sikusikia kitu.

Mkono wa Pamba hufanya kazi huku akipiga soga. Akinyamaza, ujue kuna jambo. Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Tulia," alisema kwa sauti ya chini. "Inama. Inama zaidi."

"Mama, unaniumiza."

Tangu tupange chumba hiki sijawahi kumsikia mtu akimwambia msusi yule maneno hayo.

"Umeanza lini kujikuna?"

"Zamani."

"Zamani ipi?"

"Kabla ya mtihani." Mtoto akaanza kulia. "Na leo mwenzangu amefukuzwa, mama."

Yakatoka yote, na pazia la kitambaa halikunizuia kuyasikia. Mwenzake ni binti wa muuza mitumba, wanakaa dawati moja, na kwa kuwa kitabu cha kusoma ni kimoja kwa wawili, vichwa vyao hushinda vimegusana. Asubuhi ile mwalimu alikuwa amekagua vichwa. Alipita dawati kwa dawati na penseli, akizipasua nywele za kila mtoto na kuchungulia. Alipofika kwa Bango aliigusa ile mistari kwa ncha ya kidole, akacheka, akasema, "Wewe wa nini? Hiki kichwa cha msusi." Akamruka. Penseli ikaingia kwenye nywele za mwenzake, na mwenzake akasimamishwa mbele ya darasa. Akaambiwa, wote wakisikia, kwamba chawa wake wametoka kwenye nguo kuukuu za mama yake, na kwamba asirudi shuleni mpaka awe amenyolewa kipara.

"Na mimi ndiye nilianza kujikuna," Bango alisema kwa kwikwi. "Mimi, mama. Yeye ameanza juzijuzi tu. Kesho nimwambie mwalimu?"

"Nyamaza."

"Lakini mama..."

"Nimesema nyamaza! Neno hilo lisitoke humu ndani. Nani atakaa kwenye kigoda changu akisikia? Unataka tulale njaa?"

Nikaanza kuikanyaga cherehani kwa nguvu bila nguo yoyote chini ya sindano, ili wadhani nina kazi. Papo hapo kichwa kikaanza kuniwasha, kuanzia kisogoni hadi nyuma ya masikio, na mimi nywele zangu nazikata fupi kama za askari. Pazia likavutwa.

"Jirani, umesikia?"

"Nimesikia nini? Mashine hii ina kelele."

"Acha mchezo. Njoo unisaidie kufunga mlango."

Alikuwa amepauka, lakini mikono yake ilijua la kufanya. Alimwosha mtoto kichwa, akampaka dawa ya kulainisha nywele tele, akatandika kitambaa cheupe mapajani. Kisha akachukua kitana cha meno yaliyobanana akaanza kuchana, fungu dogo baada ya fungu dogo, kutoka shinani hadi nchani, na kila mara akikifuta kitana kwenye kile kitambaa. Chawa walianguka. Wengine walikuwa bado wanatembea. Mayai yalikuwa yameganda mashinani kama yamegundishwa, na ilibidi ayavute kwa kucha.

"Sisi tulikuwa tunapakwa mafuta ya taa," nikasema, nikijiona daktari.

"Na jiko hilo linawaka mlangoni? Unataka nimchome mtoto? Hata bila moto yanachubua ngozi. Shika taa, jirani, mambo mengine niachie."

Nikashika taa. Akasema atarudia kuchana hivyo kila baada ya siku chache mpaka kitambaa kibaki cheupe, maana mayai yaliyosalia yataanguliwa. Vitana vyote, hata vile ambavyo havikuguswa, alivitia kwenye sufuria la maji yanayochemka. Nguo za kitandani zikafuata. Kazi yake ilikuwa safi, siwezi kumnyima sifa hiyo. Ila hakutaja hata mara moja yule mtoto mwingine.

"Na yule aliyefukuzwa?" nikamuuliza.

"Nywele huota." Hakunitazama.

"Na jina lake, nalo litaota?"

"Jirani, wewe una mtoto wa kusomesha?"

Sina, naye anajua sina. Nikarudi upande wangu nimefura kwa hasira, na nilipokuja kutazama kazi yangu nikakuta nimeshona zipu juu chini.

Ijumaa Bango hakwenda shule. Iliamuliwa kwamba anaumwa tumbo. Alifungwa kilemba, akaletwa upande wangu akae kwenye vipande vya vitambaa asionekane. Nilimpa chaki ya kuchorea nguo achezee, lakini hakuchora kitu. Aliishika tu.

Shangazi wa bibi arusi aliingia, sauti yake ikiwa imemtangulia. Bibi arusi alikuja nyuma yake, binti mpole, lakini shangazi mtu alitaka akalie kigoda yeye kwanza. "Nianze mimi, nione kama ni kweli huumizi." Mkono wa Pamba akaanza. Nusu ya kichwa ilipokuwa imekwisha, shangazi akapata nafasi ya kuongea ya watu.

"Nasikia shuleni kuna chawa. Eti ni wa yule muuza mitumba. Mimi nguo zake niliacha kununua siku nyingi, zina harufu. Ndiyo maana nimekuja kwako, mama. Kwako ni safi."

"Ndiyo, shangazi," msusi akasema.

Chaki ikakatika mkononi mwa Bango.

Na wakati huo huo, kupitia mlango uliokuwa wazi, tukawaona. Muuza mitumba hakuwa na furushi lake kichwani. Alikuwa amemshika binti yake kifundo cha mkono, anamkokota, na mtoto amefunikwa kanga mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wakielekea ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha kinyozi.

"Si ndio hao?" shangazi akasema. "Jamani, sogezeni mlango, wasije wakaturushia!"

Bibi arusi akacheka kidogo, kwa adabu. Mkono wa Pamba hakucheka. Nilikuwa nimechungulia kando ya pazia nikimkazia macho, namwomba moyoni: sema, sema sasa. Alichukua fungu jingine la nywele akaendelea kusuka.

Ng'ambo, mashine ya kunyolea ikaanza kuunguruma. Bango akaruka. Alipita chini ya mkono wangu, akapita pazia, akakikumba kigoda, akatoka nje mbio. Pikipiki ilipiga breki na honi kwa pamoja. Mama yake alipiga ukelele nilioudhani ni wa msiba, akatoka nyuma yake na kitana mkononi, na mimi nikafuata na utepe wangu wa kupimia ukining'inia shingoni. Mtoto alikuwa mzima. Alikuwa ameshaingia kwa kinyozi.

"Usimnyoe! Ni mimi!"

Kinyozi akazima mashine. Alikuwa ameshapitisha mkondo mmoja, kutoka kwenye paji la uso mpaka utosini, na nywele zake zilikuwa zimeanguka mapajani mwa mtoto. Mtoto alikuwa amefumba macho.

"Ni wewe nini, mwanangu?" muuza mitumba akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa.

Bango akafungua kinywa, kisha akageuka akamtazama mama yake. Alikuwa ameambiwa lile neno lisitoke, na alikuwa mtoto msikivu. Sote tukamtazama msusi. Hata shangazi alikuwa ameshavuka barabara, upande mmoja mistari imelala, upande mwingine nywele zimesimama wima, anataka kujua ameachwa kwa nini.

Angeweza kusema mtoto ana homa, anaweweseka. Nilimwona akiliwaza hilo, na mkono wake tayari ulikuwa begani mwa Bango, tayari kumvuta. Nilimchukia wakati ule, na nilimhurumia pia.

"Chawa wametoka kwangu," akasema. "Kichwani kwa huyu. Wako ameambukizwa na wangu. Si nguo zako, dada."

"Mungu wangu!" shangazi akashika nusu ya kichwa chake iliyosukwa.

Muuza mitumba hakumgeukia. "Ulijua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Mchana. Waliporudi shule."

Muuza mitumba akaziangalia zile nywele mapajani mwa mwanawe. "Jana jioni nilimpiga," alisema. "Kwa mkanda. Nikamwambia, umenitia aibu kwa uchafu wako. Akaniambia, mama, mimi naoga. Nikamwongeza, nikidhani ananidanganya."

Mkono wa Pamba akakaa pale pale sakafuni, juu ya nywele za watu.

"Nisamehe, dada yangu."

"Sijui. Sijui kama nitaweza." Akamgeukia kinyozi. "Malizia. Huwezi kumwacha na barabara kichwani."

Kinyozi akamalizia polepole, akimpulizia vinywele shingoni kila mara kama anamnyoa mtoto mchanga. Muda wote huo Bango alikuwa amesimama kando ya kiti, ameshika mkono wa mwenzake, na mwenzake hakuutoa. Ilipokwisha, muuza mitumba akamfuta mwanawe uso kwa ncha ya kanga. Alimfuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akanong'ona kitu ambacho hata mimi sikukisikia. Kisha akamwambia msusi, "Simama. Twende shule. Utasema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo."

"Na kichwa changu?" shangazi akapiga kelele. "Nitatembea nusu?"

"Mama, vitana vyake vilichemshwa jana mimi nikiona," nikamwambia. "Ukitaka kumaliza, msubiri. Hutaki, nyumbani kwako unakujua."

Hakusubiri. Alijitanda mtandio akaondoka, na bibi arusi akaondoka, na arusi yote ikaondoka nao. Mkono wa Pamba aliwaona wakienda. Hakuwaita. Aliweka kitana mfukoni akawafuata wale watatu.

Ya shuleni alinisimulia Bango jioni, amekaa kwenye vitambaa vyangu, safari hii bila kilemba. Mama yake alisimama mlangoni mwa darasa akasema mbele ya wote: chawa ni wa mwanangu, mwenzake hana kosa, na nguo za mama yake hazina kosa. Mwalimu akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Kichwa hiki?" Akaichukua penseli mezani, akamvua Bango kilemba, na kwa mara ya kwanza akazipasua nywele zake, akachungulia.

Penseli ikasimama penye yai lililosalia. Mkono wake wa pili ukapanda wenyewe, taratibu, mpaka kwenye mistari yake myembamba, ile aliyosukwa kwenye kigoda kile kwa kitana kile kile kilichomchana Bango, ukaanza kukuna.

Aliyecheka wa kwanza ni yule mwenye kipara.