Kamera ya Baba Yaenda Isongole

Nilikwenda Isongole kwa sababu mama yangu alikataa kuamini kwamba dada yake yuko hai.

Kwetu habari ya msiba haitolewi kwenye simu. Mtu akifariki unaambiwa "anaumwa kidogo, njoo," unapanda gari na matumaini yako, na ukweli unaupata ukishafika, umeshakalishwa, na watu wako pembeni tayari kukushika. Ni utaratibu wa huruma, siukatai. Ubaya wake ni kwamba siku mtu akiumwa kidogo kweli, hakuna anayeamini.

Basi binamu yangu Lwitiko akapiga simu kutoka Isongole. Mama yake, ambaye ndiye dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa amelazwa kwa nimonia, lakini ameruhusiwa na yuko nyumbani. "Anaumwa kidogo tu, Mama Mdogo, usiwe na wasiwasi," akasema. Lo! Heri angenyamaza. Mama akaweka simu chini, akajifunga khanga kichwani na kutuambia tutoe makochi nje, kwani watu wakija watakaa wapi?

Tulimpigia Mama Mkubwa mwenyewe azungumze. Kikohozi kilikuwa kimemkausha sauti. Mama akasikiliza, akanirudishia simu. "Huyu si dada yangu. Mmemtafuta mtu." Tukajaribu simu ya video, mtandao ukasuasua na sura ya Mama Mkubwa ikaganda mdomo ukiwa wazi. "Mnaona?" mama akasema, na hapo tukawa tumeharibu kabisa. Nikamwambia mama kwamba Lwitiko atatuma picha. "Picha za simu mnazitengeneza. Juzi mjukuu wangu kanionyesha uso wangu mwenyewe una masikio ya mbwa."

Angekwenda mwenyewe, lakini mguu wake ulikuwa umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, tangu alipoteleza uani akianika mahindi. Akawa amekaa kwenye mkeka, hali chakula. Na mama ana dawa za presha, zinamezwa baada ya chakula. Anayekataa ugali anakataa na dawa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mama Mkubwa alikuwa amepona, na sasa mdogo wake alikuwa anajiua kwa kumlilia.

Mwishowe alitoa sharti mwenyewe. "Chukua kamera ya baba yako. Ile inaandika tarehe. Nikimwona dada yangu humo, na tarehe ya wiki hii, nitakula."

Tunduma, asubuhi

Marehemu baba alikuwa wakala wa forodha hapa mpakani. Kamera aliinunua ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Ni ya kidijitali, ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, na lenzi yake hutoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe. Juu ina kigurudumu chenye vialama: mlima wa kupigia mandhari, ua la kupigia vitu vya karibu, mtu anayekimbia, mwezi na nyota. Baba alivijua vyote, lakini alichokipenda ni tarehe. Alisema picha isiyo na tarehe ni mzigo usio na nyaraka. Kwa hiyo picha zote za utoto wetu zina namba za rangi ya chungwa kwenye kona ya chini, na mama anaziamini kuliko anavyotuamini sisi.

Nikaingia kwenye menyu, nikaweka siku, mwezi na mwaka, nikawasha sehemu ya kuandika tarehe kwenye picha, kisha nikapiga pipa la maji kwa majaribio. Tarehe ikatokea, sawa kabisa. Mama akaikagua kwa muda mrefu, akairudisha kamera kwenye mfuko wake wa ngozi.

Kisha akachukua sindano zake za kufumia. Tangu mguu uvunjike alikuwa akimfumia dada yake sweta la bluu, maana huko Ileje, iliko Isongole, ni baridi. Lilibaki ukingo wa mkono wa kushoto tu, na uzi wa bluu ukawa umemwishia. Akamalizia kwa uzi wa njano uliobaki kwenye kofia ya mjukuu, akakata, akanikabidhi huku mimi nimesimama mlangoni na begi begani.

"Kama yuko hai, avae," akasema. "Kama hayupo, wamzike nalo."

Nikalikunja, nikalitia kwenye begi.

Mpemba hadi Isongole

Nilipata nafasi kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha kaka Shabani, mfanyabiashara mwenyeji wa Tanga ambaye hupeleka soda na sabuni Isongole, hulala huko na kurudi kesho yake. Tuliyapita malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani, tukafika Mpemba, tukaiacha barabara kuu na kuingia njia ya Ileje. Hapo dunia inanyamaza. Lami inapanda na kushuka vilima, kuna migomba, kuna kahawa, na watoto wanaouza parachichi wanazipanga kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini.

Nilikuwa na huzuni, lakini kamera mkononi ni kishawishi. Nikavuta kwa zumu nyumba ya ng'ambo ya bonde mpaka nikaiona nguo iliyoanikwa. Nikapiga daraja. Nikapiga ng'ombe. Nikamlenga hata kaka Shabani, akaficha uso.

"Dada Tusa, hiyo betri umeinunua wewe?" akauliza.

Nikamwambia imejaa. Tulipoanza kushuka kuelekea Isongole kamera ililia mlio mdogo, lenzi ikarudi ndani, na kioo kikawa cheusi.

Isongole

Lwitiko alinipokea dukani kwake, sokoni, mahali ambapo kwacha ya Malawi na shilingi hupishana mkononi bila mtu kushangaa. Uso wake ulikuwa wa kawaida mno. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuuchunguza. Mbona hacheki? Mbona kanibebea begi? Mbona ananiongoza pole pole? Nilikuwa nimetoka Tunduma nikimcheka mama, na nilipofika kwenye uzio wa nyumba ile nilikuwa ninatafuta kwa macho watu waliokaa chini.

"Nani huyo anasimama kama mdai?" sauti kavu ikatoka jikoni.

Alikuwa yeye. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba, lakini yeye, anachambua maharage. Nilipiga magoti kumwamkia, "Shikamoo, Mama Mkubwa," na kabla hajaitika nikawa nimemkumbatia na maharage yamemwagika.

"Marahaba, marahaba. Unanivunja." Kisha akanishika kidevu na kuniangalia machoni. "Na mama yako? Sema kweli. Waliniambia ni mguu tu."

"Ni mguu tu, Mama Mkubwa."

"Ndivyo wanavyosema," akajibu. "Huanza na mguu."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kumbe na huku nako mtu alikuwa akilia chinichini! Nikampa sweta. Akalivaa pale pale, akanyoosha mikono, akauona ukingo wa njano.

"Uzi umemwishia. Tangu utoto humwishia." Kisha akakunja uso. "Au hili lilikuwa kabatini siku nyingi?"

Nilimwapia kwamba nimeona likikamilika. Akasema sawa, lakini hakusema ameamini.

Isongole, siku ya pili

Betri ililala kwenye chaja dukani kwa Lwitiko. Asubuhi nikairudisha kwenye kamera na kuiwasha. Ikaniuliza kitu. Maandishi yalitokea kwenye kioo, mimi nikabonyeza sawa, sawa, sawa, kama tunavyofanya sote, maana kaka Shabani alikuwa anapiga honi na Mama Mkubwa alikuwa tayari kwenye kigoda chake, mlangoni mwa jiko.

Picha ya kwanza fleshi iliwaka, akafumba macho. "Unanipiga na radi?" Nikaizima fleshi kwa kile kitufe chenye alama ya umeme. Picha ya pili ikatoka vizuri: ametulia, mikono magotini. Nikasema tuongeze moja ya akiba. Wakati ule ule kuku akaingia kwenye ungo wa maharage, Mama Mkubwa akarusha mkono, "Shii! Ondoka!" Pale mlangoni palikuwa na giza kidogo, na kamera bila fleshi hukawia kufumba. Uso ulitoka, lakini mkono wake wa kulia ukawa moshi mtupu.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe chenye alama ya pipa la taka. Honi ikalia tena, nikaiacha.

"Ukifika, na yeye umpige," Mama Mkubwa akaniambia, akinisindikiza hadi kwenye gari. "Nami nina macho."

Mpemba, kurudi

Kaka Shabani alisimama Mpemba kuswali. Nikabaki ndani ya gari, moyo mweupe, nikafungua kamera nijipongeze. Nikavuta ile picha ya pili, uso, sweta, kigoda, nikashuka mpaka kona ya chini.

Namba za chungwa zilikuwa zinasema siku ya kwanza ya Januari. Na mwaka ulikuwa ule ambao baba aliinunua kamera.

Nilielewa papo hapo, na kuelewa hakukunisaidia. Betri ilipotoka usiku mzima, kamera ilisahau siku, ikarudi ilikozaliwa, na asubuhi iliponiuliza leo ni lini nikaijibu sawa, sawa, sawa. Nikaingia kwenye menyu na kurekebisha saa, lakini tarehe ikishaandikwa ndani ya picha haifutiki. Nilikuwa nampelekea mama ushahidi kwamba dada yake alikuwa hai enzi za baba.

Kaka Shabani aliporudi alinikuta ninalia. Nilimwomba tugeuze. Akaangalia jua, akaangalia barabara.

"Dada Tusa, mama hajala. Ukirudi leo huku, utafika kwake lini?" Akawasha gari. "Mwambie ukweli. Kamera ndiyo imesahau."

"Hataamini."

"Basi tutajua njiani," akasema, ingawa njia iliyobaki ilikuwa fupi sana.

Tunduma, jioni

Makochi yalikuwa bado nje, na majirani wamekaa juu yake. Ndani, mama alikuwa mkekani, mguu wa hogo umenyooshwa, na sahani iliyofunikwa iko pembeni yake. Nikaanza, "Mama, kabla hujaangalia, nikueleze..." Hiyo ndiyo sentensi mbaya kuliko zote ningeweza kuanza nayo. Akaninyang'anya kamera.

Aliiwasha mwenyewe. Hakuangalia uso, aliangalia kona.

"Huu mwaka baba yako alikuwa hai," akasema taratibu.

Jirani mmoja akaanza kusikitika kwa sauti. Nikaeleza betri, nikaeleza menyu, nikaeleza kuhusu sawa, sawa, sawa, na kila neno langu lilinuka uongo. Mama alikuwa ameinamia kioo. Alikuwa anabonyeza kitufe cha zumu, kama baba alivyomfundisha, picha inamkaribia kidogo kidogo. Akapita paji la uso. Akapita bega. Akashuka na mkono wa kushoto hadi mwisho, akasimama.

"Tusa."

"Abee, mama."

"Hili sweta nimelimaliza lini?"

Nilitazama. Ukingo wa njano ulikuwa umejaa kioo kizima. Nilikuwa nimeupiga picha, nimeubeba, nimeulilia Mpemba, na sikuuona.

"Jana asubuhi, mama. Mimi nikiwa nimesimama pale."

Akaupapasa ukingo ule kwa kidole, juu ya kioo. Kisha, maana mama yangu hashindwi kirahisi, akasema kwa sauti ndogo, "Sweta hata maiti huvalishwa," na kubonyeza picha inayofuata.

"Hiyo ni mbovu, mama, ilikuwa niifute."

"Mkono wake umeenda wapi?"

"Alitikisika. Alikuwa anafukuza kuku."

Mama akaisogeza kamera karibu na macho. Nikaona midomo yake inatetemeka, nikajua sasa analia, nikasogea nimshike. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaushika mguu wa hogo kwa maumivu.

"Maiti hafukuzi kuku!" akawatangazia majirani, akiwapitishia kamera mkono kwa mkono. "Mtazameni! Hata kuumwa hajui kuumwa ametulia!" Kisha akaniangalia mimi. "Rudisheni makochi ndani. Na huu ugali umepoa, nipashieni."

Nilikwenda jikoni nikalia peke yangu kwa raha, nikipuliza moto usiohitaji kupulizwa.

Tangu siku hiyo sibonyezi tena sawa kabla ya kusoma, na picha mbaya siifuti mpaka wenyewe waione. Siku ya tatu nilimsafishia mama ile ya kuku kwa fundi picha wa mtaani, na sasa imetundikwa sebuleni na tarehe yake ya enzi za baba. Lakini jioni ile, nilipomletea sahani na vidonge vyake, nilikuwa bado na deni la Isongole. Nikamweleza kwamba dada yake naye anadhani tunamficha, kwamba huanza na mguu.

Mama akaacha kutafuna. "Mimi? Mfu?" Akaomba kioo, akajifunga kilemba vizuri, akavuta sahani mbele ionekane. Kamera ilipomwelekea alimega tonge na kuliinua.

"Umeangalia tarehe?"

"Nimeangalia, mama. Mara mbili."

"Zima na hiyo radi yako." Akaanza kupunga mkono wenye tonge kulia na kushoto, kwa nguvu, huku mchuzi ukimrukia kwenye hogo. "Haya, piga! Piga nikiwa natikisika, la sivyo yule mwanamke hataamini."