Moshi wa Ubani Nyumbani kwa Mama Keza

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, hapa hapa Bujumbura, na wallahi siongezi chumvi.

Mimi mtoto wa Buyenzi, fundi wa tiyo, yaani mabomba ya hewa. Nachimba mfereji ndani ya ukuta, nalaza tiyo kutoka chumbani hadi juu ya paa, halafu naziba kwa sementi. Kazi nilifundishwa na baba mdogo, naye alikuwa na desturi yake: kabla ya kuziba ukuta, unachoma ubani kwenye tundu la chini. Moshi ukitokea juu ya paa, njia ni safi. Lakini alinikanya niulize kwanza kama nyumba ina msiba ambao haujaondolewa. Kama upo, choma karatasi, ubani uache, maana ubani huwaita wafu. Mimi niliyaona ni mambo ya wazee tu.

Basi Mama Keza wa Kanyosha akaniita. Binti yake Keza, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, kila akilala anabanwa na kifua, na dawa zilikuwa zimeshindwa. "Fundi, nipatie hewa mu chumba ya mutoto," akaniambia, "nitakuombea mpaka nife." Habari za msiba sikuuliza. Wingu la mvua lilikuwa limeshashuka milimani na mimi nilitaka kumaliza.

Mwenzangu Dieudo, Mkongomani wa Uvira, akapanda juu ya paa. Mama Keza alikuwa uani anaanua nguo, Keza amelala kitandani. Nikawasha ubani, moshi ukaingia kwenye tiyo vizuri kabisa. "Unaona?" nikapaza sauti. "Apana," Dieudo akajibu. Nikaongeza ubani. Apana. Sasa moshi unaingia, hautoki, unakwenda wapi?

Kugeuka, mwanamume ameketi kitandani, miguuni pa Keza. Shati la kijani, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Nikadhani ni mjomba wa mtoto, nikamsalimu. Akauliza, "Fundi, hiyo njia inafika inje?"

Inafika mpaka juu ya paa, nikamwambia.

"Siku mingi natafuta pa kupita," akasema. Niamini, hata hapo sikuogopa, nilifikiri kalewa. Kisha akamnyanyua Keza, akampakata. "Nitaenda naye. Siwezi kumuacha."

Mtoto akaacha kupumua. Si kwamba alibanwa, la, aliacha. Midomo ikabadilika rangi. Hapo nikaelewa niko na nani. Nikaanza Ayatul Kursi katikati, mwanzo wake sijui ulikwenda wapi, nikamshika mtoto kwapani, nikavuta. Yule mtu naye akavuta. Umewahi kuvutana na mtu anayelia? Alikuwa analia, na mimi nilimwonea huruma huku navuta. Nikamshinda, nikatoka mbio hadi uani kwenye mvua, ndipo Keza akavuta pumzi kwa nguvu na kuanza kukohoa.

Nikamweleza Mama Keza niliyemwona. Nilipofika kwenye kidole gumba, akakaa chini kwenye matope. Alikuwa mume wake, na kifua cha mtoto kilianza kubana tangu alipofariki. Kuganduka, ile siku ya kuondoa matanga, walikuwa hawajafanya. Ndugu wa marehemu walikuwa wanamngoja kaka yao mkubwa avuke ziwa kutoka Kigoma.

Hawakumngoja tena. Watu walikusanyika, wakanywa, wakasema maneno ya kumuaga, na mimi nikarudi kuchoma karatasi. Dieudo akaona moshi.

Keza sasa anapumua, analala, anakimbia. Mimi ndiye silali. Mlango wa chumba ukifungwa natoka, na mke wangu amechoka kuniuliza natafuta nini barazani. Juzi nilipita Kanyosha, mtoto akanifuata hadi njiani, akanitazama.

"Fundi," akasema, "papa alikuwa ananipakata. Kwa nini ulininyang'anya?"

Nikamshika mkono, nikamrudisha mlangoni kwa mama yake.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukimwita fundi nyumbani kwako, na humo kuna msiba, mwambie hata kama hajauliza. Na kama una marehemu hujamuaga, usingoje ndugu wa mbali, muage. Yule hakuwa na ubaya wowote na mtoto wake, na alikaribia kumuua.