Risasi Juu ya Povu

Nilitumwa kijiji cha Gare kumposea binamu yangu kwa sababu moja tu: nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, na ukoo wetu uliamini kwamba aliyesoma hashindwi kwa maneno.

Baba wa binti, mkulima wa mboga, aliuliza kijana wetu anafanya kazi gani. Nikajibu kwamba yuko mgodini Mpanda. Huko jiwe husagwa likawa unga, likatiwa majini, kisha madini ya risasi huelea juu ya povu na mchanga hubaki chini.

"Risasi inaelea?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mchanga, ulio mwepesi, unazama?" Akamgeukia mkewe. "Mama, umesikia? Mwongo kamtuma mwongo. Binti yangu simtoi."

Binamu alikuwa nje ya ua, maana mposaji hasemi mbele ya mkwe. Alikuwa amenikabidhi unga wa jiwe, chupa, mafuta ya taa kidogo, na mafuta ya mkaratusi. Nikaona sasa elimu ing'are. Nikatia maji na unga, nikamimina mafuta ya taa kwa ukarimu, nikatikisa. Likatokea tope lenye harufu ya koroboi.

"Hapo kinachoelea ni nini?" mama mtu akauliza. "Labda wewe."

Mzee akaagiza mposaji mwenyewe aitwe. Binamu akaingia ameinamisha kichwa. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akaisugua chupa kwa majivu, akaisuuza mara tatu, akatia maji na unga. Mafuta ya taa aliyachovya kwa ncha ya jani la nyasi. Ya mkaratusi, matone mawili. Akatikisa. Akavitazama vipovu, akakisugua kimoja kati ya vidole, akaongeza nusu tone ya mkaratusi, akatikisa tena.

Povu likapanda jeusi, linang'aa kama sufuria mpya. Chini mchanga ukabaki mweupe.

Baadaye nilisoma sababu yake: mafuta hushika madini, kipovu kikayabeba, mchanga hupenda maji, ukabaki nayo. Mtihani wa jambo hilo nilifaulu vizuri. Ile nusu tone sijaiona kitabuni mpaka leo.

Mzee akachovya kidole kwenye povu, akatoka nacho juani, akakigeuza huku na huku.

"Binti nimempa," alisema aliporudi. "Ila siku ya mahari mleteni msemaji mwingine. Huyu msomi abaki nyumbani."