Msiba wa Mama Niliambiwa na Mtu Baki, Nimeshika Sahani ya Pilau

Admin, naomba unifiche, tena unifiche vizuri, maana Watanzania wa Toronto tunajuana mpaka masufuria. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa mtoto mmoja, huu mwaka wa pili niko huku na mume wangu. Tumepanga Brampton, chini ya nyumba ya watu, vyumba viwili na kidirisha kimoja. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa sekondari. Huku nilituma maombi ya kazi miezi minane mpaka nikakoma, ndipo nikapata kiwanda cha mikate Downsview, napanga mikate kwenye makreti. Wakaniambia miezi mitatu ya mwanzo ni ya majaribio, ukianza kukosakosa siku unaagwa.

Mama yangu alikuwa Morogoro kwa mdogo wangu, nimwite Mwajuma. Alikuwa na presha na sukari za miaka mingi. Mimi na mama tulikuwa mashoga. Kila siku nikiwa kwenye basi natoka kazini namrekodia sauti WhatsApp, namsimulia kila upuuzi: msimamizi wetu anayetafuna vitunguu vibichi kama maembe, Nasra wangu anayesemeshwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Naye ananijibu, anacheka mpaka anakohoa.

Nikiwa mwezi wa pili kazini, sauti ya mama ikakatika. Mwajuma akawa ananiandikia kwa simu ya mama: "Mama ana mafua, sauti imemkauka, lakini kakusikiliza, kacheka sana." Siku nyingine mama kalala. Nikipiga, eti mtandao. Nikamwambia mume wangu nina wasiwasi. Akanikumbatia: "Acha kujitia presha, Mama Nasra, wazee ndivyo walivyo." Nikamwamini, nisimwamini kwa lipi? Kila swala nikawa namwombea mama, ee Mola mpe shifaa, mrudishie sauti yake.

Jumamosi moja tukaenda kwenye akika Lawrence Heights. Nina sahani yangu ya pilau, nacheka na wenzangu, akaja dada mmoja ambaye hatujazoeana, akanishika mkono. "Pole sana mwenzangu kwa kuondokewa na mama. Mungu akupe subira." Nikamwambia dada umenifananisha. Akawaangalia wenzangu, akaziba mdomo. Kumbe ukumbi mzima unajua, jamani! Nikamtafuta mume wangu kwa macho upande wa wanaume. Akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba sina mama.

Siku kumi na tisa tangu azikwe! Siku kumi na tisa namwombea shifaa mtu aliye kaburini. Namsimulia habari za vitunguu, na mdogo wangu wa tumbo moja ananiandikia "kacheka sana." Nilipiga yowe mpaka watoto wa watu wakaanza kulia.

Najua mtakachosema. Kwetu aliye mbali hatupiwi msiba hivi hivi. Anatafutiwa mtu wa kuwa naye, anaanziwa na "hali ya mgonjwa si nzuri", ajiandae. Hata mimi nimewahi kushiriki kumficha binamu yangu akiwa chuoni. Lakini ilikuwa siku moja! Na huyo mtu wa kuwa na mimi si ndiye huyu ninayelala naye kitanda kimoja?

Nilipomuuliza, akasema, "Walimzika siku ile ile, usingewahi. Ungeacha kazi uondoke, na unajua tulivyoitafuta. Nilitaka umalize majaribio ndiyo nikwambie. Nilikuwa nakulinda." Nikamwambia kuzika nisingewahi, lakini kulia ningewahi.

Miezi minne imepita. Kazini wamenithibitisha, hongera yangu. Mwajuma namba yake nimeifungia. Mume wangu chakula nampa, salamu naitikia, basi. Ameniomba radhi mpaka amechoka, moyo wangu umekataa katakata.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Leo asubuhi shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, amenipigia mimi kutoka Tabora. Baba mkwe amefariki. Wanazika kesho adhuhuri, wanamsubiri dada yao afike, na kwa saa za huku hiyo ni alfajiri. Shemeji akasema, "Huyo mdogo wangu usimwambie kwanza. Si kesho ana ule mtihani wa leseni ya lori? Ameshafeli mara mbili, akijua atafeli tena. Akimaliza, mkalishe umwambie taratibu. Shemeji, nakuaminia."

Moyo wa binadamu mbaya, nisiwadanganye. Kitu cha kwanza kilichonijia ni "vizuri, na yeye aonje." Nikajiogopa. Halafu nikamwona jikoni anamkaangia mtoto mayai huku anakariri hatua za kukagua breki za lori, kitabu amekiegemeza kwenye chupa ya mafuta, nikamhurumia. Baba yake ndiye aliyemlea peke yake tangu mama yao afariki. Nikimwambia leo, leseni imekwenda, na vibarua vya kubahatisha vimeshamzeesha huyu mtu. Nisipomwambia, baba yake atafukiwa udongo yeye kalala ubavuni mwangu, na mimi niko macho, najua.

Akageuka akanikuta nimesimama na simu mkononi. "Mama Nasra, mbona umetoa macho hivyo? Nani kapiga? Nyumbani salama?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne nikamjibu kwa upole. "Salama, Baba Nasra. Wewe soma."

Akatabasamu, masikini. Amedhani nimemsamehe.

Ndugu zangu, mwenye busara aseme, mwenye kutukana naye atukane, nitawasoma wote. Maziko ni alfajiri, mtihani ni saa nne. Nimwambie au nimfiche? Nishaurini leo, kesho haitanisaidia.