Baba aliitikia kwa kichwa, nikang'oa kahawa yake

Wakuu, salamu kutoka Kanja, Embu. Wacha nianze na ujinga wangu, ndio mcheke mapema tuendelee: niling'oa mistari mitatu ya kahawa ya baba kwa sababu aliitikia kwa kichwa.

Hii sijasimuliwa. Jembe lilikuwa langu.

Mzee alipata stroke mwaka jana. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapotea. Mimi ndiye kifungua mimba, na ndiye sijawahi toka nyumbani. Nilimaliza form four nikakaa kwa kochi, bado nimekaa. Kwa hivyo kumtunza kuliniangukia.

Na nilijiona mtu. Wageni wakimuuliza kitu, najibu mimi. Watu wa kanisa wakanisifu, eti mimi ndio mdomo wa mzee.

Siku moja nikamwambia, "Baba, hii kahawa imezeeka. Tung'oe tupande makadamia, sivyo?"

Akaitikia. Nikaita vibarua.

Kabla tumalize shamba, siku ya kliniki ikafika. Huko Embu town tukapata msichana yuko attachment, anasomea kutibu watu walioshindwa kuongea ama kumeza. Anaitwa Kendi, mtu wa Nchiru, Meru. Supervisor wake alikaa kando na fomu ya kumpa alama.

Kendi akanawa mikono, akavuta kiti karibu na mzee, akamsalimia kwa Kiembu kilichojaa Kimeru cha kwao.

"Baba, Kiembu changu ni kibovu. Nikikosea unicheke."

Mzee akatabasamu na upande mmoja.

"Umeamkaje?"

"Ameamka vizuri," nikajibu.

"Umekula nini?"

"Uji na ndizi," nikajibu tena.

Akanigeukia kwa heshima. "Brother, wewe nitakuuliza baadaye. Naomba ukae pale nyuma yake, asikuone uso."

Miaka arobaini na mbili, nahamishwa kiti kama mtoto wa nasari.

"Baba, unaitwa Njeru?" Akaitikia. Ni kweli.

"Tuko hospitali?" Akaitikia.

"Wewe ni mwanamke?" Akaitikia.

"Ng'ombe huruka juu angani?" Akaitikia.

Nilikaribia kucheka. Halafu nikakumbuka shamba.

Kendi hakucheka. Aliandika tu. Kisha akanieleza kuwa baada ya stroke, mtu anaweza kuitikia kila kitu, hata kile hataki. Lazima kwanza upime hiyo "ndio" yake kwa maswali ambayo majibu yake unayajua.

"Hiyo tunatakiwa tuijue kabla hatujagusa mgonjwa yeyote," akasema. "Na kungoja. Kungoja ndio wengi hufeli."

Nikainua mkono kama niko darasani, nikaungama mambo ya kahawa.

Akaomba simu yangu, akatoa na yake. Kwa moja akaweka picha ya kahawa, kwa nyingine mche wa makadamia. "Baba, unataka gani kwa shamba lako?"

Supervisor akaangalia saa. Mimi nikafungua mdomo, Kendi akainua kidole bila hata kuniangalia.

Mkono wa kushoto ukasogea polepole, ukagusa kahawa.

Kendi akabadilisha simu upande, akauliza tena. Kahawa.

Halafu mzee, kwa sauti ya mtu anayevuta gunia, akasema, "Yangu."

Akalia. Na mimi huko nyuma sikuwa na pa kuweka macho.

Nikauliza kama ataongea tena vizuri. Kendi akasema, "Sijui bado. Nikikudanganya, mzee ndiye ataumia."

Nilirudi nikawaambia vibarua wasije. Mistari iliyobaki iko. Ile mitatu ni mashimo, na mzee huomba kwa mkono kiti chake kielekezwe huko. Siku hizi namuonyesha vitu, nangoja. Kungoja kunanishinda, wakuu, mimi humalizia hata pasta sentensi.

Funzo: mgonjwa wako akiitikia, usishike jembe. Wenye wazazi kama wangu, ama mnaosomea hii kazi, niambieni mnafanyaje. Matusi pia nitapokea.

Jana nilimweleza jirani, Mama Ireri, hivi nimewaeleza nyinyi, nikitarajia pole. Aliendelea kuambua maharagwe, akasema:

"Hiyo kahawa ulitaka kuing'oa tangu baba yako akiwa mzima, na alikukataza nikisikia. Usisingizie kichwa chake."