Njumu za Senta Hafu

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Alhamisi, watu watatu walipobisha hodi nyumbani kwangu Kariakoo. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama. Nilikuwa karani katika ghala la nguo, nimerudi kula, na saa nane na nusu nilitakiwa niwe nimeshika kalamu tena.

"Shikamoo, Bwana Katibu," alisema aliyetangulia, mchuuzi wa vitunguu ambaye hata akinong'ona ni kama anaita wateja.

"Marahaba. Karibuni ndani."

"Hatukai. Tumeleta vazi la bwana harusi."

Alifungua boksi alilobeba. Ndani mlikuwa na viatu vya mpira, njumu mpya za ngozi ya kahawia, zinanuka duka. Washabiki wa timu yetu walikuwa wamechangishana shilingi thelathini na nane, mwingine senti kumi, mwingine shilingi nzima, wakaenda kuzinunua Uhindini.

Huyo waliyemwita bwana harusi alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alikuwa na miaka kumi na minane. Mama yake alimleta kwetu kutoka kusini ajifunze ushonaji, nami nilimlipia ada kwa fundi mmoja mwenye vyerehani vinne barazani, karibu na Msimbazi. Asubuhi alikanyaga cherehani, jioni alicheza mpira peku, kama karibu wachezaji wetu wote. Katika mechi za mazoezi alikuwa amewafanya watu wa mtaa wamwimbe. Hata wauza kahawa walimpa kikombe bure.

Wakati ule timu ilisimama juu ya senta hafu. Yeye ndiye aliyepokea mpira katikati na kuamua uende wapi. Tena hakukuwa na mchezaji wa akiba. Ukianza na mtu, unamaliza naye, hata akivunjika. Kwa hiyo swali la nani aanze halikuwa dogo. Senta hafu wetu alikuwa kepteni, mwashi wa miaka thelathini na minne, mwenye magoti yaliyochoka na macho yasiyochoka. Mimi sikuwa nikicheza. Nilikuwa katibu wa klabu kwa sababu nilijua kuandika.

Kepteni alikuwa na njia yake ya kufundisha. Siku ya mechi alimkalisha shemeji yangu pembeni ya kiwanja, karibu yangu, na kila yeye kepteni alipopokea mpira, kijana alitakiwa aniambie, kabla haujapigwa, utapelekwa kwa nani. Mimi niliandika. Tulihesabu mipira ishirini. Siku ya kwanza alipatia sita, mechi ya nne akapatia kumi na mmoja.

"Akifika kumi na tano nampa nafasi yangu," kepteni aliniambia. "Miguu anayo kuliko mimi. Lakini bado anautazama mpira, hatazami watu. Akianguka mbele ya kiwanja kizima sasa hivi, hawa hawa wanaomwimba watamla."

Kamati ilikutana jioni ile ile ya Alhamisi, saa kumi na mbili, katika chumba cha mwenyekiti, aliyekuwa muuza mkaa. Mechi ilikuwa Jumamosi, dhidi ya timu ya bandarini. Tulikuwa watu watano, na njumu ziliwekwa katikati ya mkeka.

"Watu wameshatoa fedha zao," alisema mwenyekiti. "Sasa mnataka nikawaambie nini? Kwamba njumu zikae sandukuni kama sanda?"

"Waambie mwakani," alisema kepteni.

"Mwakani! Wewe mwakani utakuwa unatembelea mkongojo."

Tulicheka, na kepteni alicheka pia. Kisha alisema hana wivu, daftari la katibu lipo, lisomwe. Nililisoma. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akasema mpira hauchezwi daftarini.

Wawili walitaka kijana aanze. Wawili, kepteni akiwa mmoja wao, walitaka asubiri. Ikabaki sauti yangu.

Nimejiuliza mara nyingi kilichonipitia kichwani. Daftari langu lilisema asubiri, na nililiamini. Lakini mtaani kwetu mchango ukishapokelewa haurudishwi, anayeurudisha anawaambia waliochanga kwamba fedha zao hazifai. Akilini nilimwona yule mchuuzi mlangoni kwangu. Nilimwona pia mke wangu, ambaye mchana ule alizishika zile njumu na kuzigeuza mikononi, akitabasamu. Nikasema aanze.

"Sawa, Katibu. Andika," alisema kepteni. "Mimi niweke hafu wa kushoto, niwe karibu naye."

Kesho yake asubuhi shemeji yangu alizivaa njumu uani, akazunguka kisima mara mbili.

"Shemeji, hizi zinabana. Kama nimetia miguu kwenye mtungi."

"Zitalainika."

"Nikiingia peku je? Nizivae wakati wa kupiga picha tu."

"Haiwezekani. Watu wamechanga."

Aliinama akalegeza kamba. Kisha akasema, akitazama chini, "Mimi mwenyewe naona bado, shemeji. Lakini ukisema wewe, basi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Badala yake nilikwenda kwenye vitabu vyangu. Nilikuwa nimejisomea mwenyewe tangu nilipoacha shule darasa la nne, na nilikuwa na imani kubwa mno na maandishi. Nilikuwa na kijitabu cha Kiingereza juu ya utunzaji wa ngozi, nilichokinunua mnadani, kilichoandikwa kwa ajili ya wanajeshi wa nchi ya baridi. Kilisema kiatu kipya kilowekwe majini, kisha kikaushwe polepole kwenye joto la mbali la moto. Nilizilowesha kwenye ndoo. Moto wa mbali sikuwa nao, nikaona jua ni moto wa mbali kuliko wote. Nikaziweka juu ya bati la jikoni kuanzia saa tatu asubuhi, nikaenda kazini.

Niliporudi saa kumi na moja zilikuwa ngumu kama ubao. Nilizipaka mafuta ya nazi, zikang'aa vizuri. Kulainika hazikulainika.

Jumamosi saa kumi na nusu refa alipuliza kipyenga. Kiwanja kilizungukwa na watu hata juu ya kuta. Kwa robo saa ya kwanza niliona nimekosea kuogopa. Shemeji yangu alipiga mipira miwili mirefu, mmoja ukazaa goli, na mchuuzi wa vitunguu akanivamia mgongoni akipiga kelele, "Katibu, ulitaka kutuficha huyu!"

Kisha alianza kutazama miguu yake. Mpira uliokuwa ukimtii peku sasa ulimgonga na kukimbia, kwa sababu ngozi ile haikumwambia umemgusa wapi. Kepteni alipaza sauti, "Inua kichwa! Mimi niko hapa!" Hakuinua. Bandarini wakasawazisha.

Mapumziko alikaa chini akavua kiatu cha kulia. Kisigino kilikuwa kimechunika, soksi imeshikana na damu.

"Vua vyote, ucheze peku," alisema kepteni.

Watu walikuwa wametuzunguka. "Asivue!" alisema mmoja. "Senti hamsini yangu iko kwenye kisigino hicho!" Wakacheka. Shemeji yangu hakumtazama kepteni, alinitazama mimi. Niliinama, nikachana leso yangu, nikamfunga kisigino, nikamvisha kiatu na kukaza kamba kwa mikono yangu mwenyewe.

Kipindi cha pili kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Alikuwa anageuka na mpira, njumu zikakamata ardhi, mguu ukabaki na mwili ukazunguka. Alilia mara moja tu. Kwa kuwa hakukuwa na wa kumbadili, walimsimamisha pembeni, nafasi ya winga, mguu mmoja ukiwa juu kama wa korongo, ili timu pinzani iendelee kumlinda. Kepteni alirudi katikati, akakimbia mpaka akatapika. Tulifungwa nne kwa moja.

"Mrudisheni kwenye cherehani!" mtu alipiga kelele. Sauti niliijua, ilikuwa ya mchuuzi wa vitunguu.

Nyumbani mke wangu aliosha mguu wa mdogo wake kwa maji ya chumvi. Alipomaliza ndipo aliponiuliza.

"Kijitabu kilisema nini juu ya hili?"

Hakungoja jibu, akaenda kumwaga maji.

Hospitali walifunga mguu na kutuambia tungoje. Baada ya wiki tatu uvimbe haukuisha, nikamvusha kwa pantoni pale Magogoni, twende Kigamboni kwa mama mmoja anayejua kuunga mifupa. Alisema mfupa umeanza kuunga vibaya na tumechelewa, lakini alijitahidi. Wiki kumi na moja shemeji yangu hakuweza kukanyaga cherehani. Fundi alichukua mwanafunzi mwingine katika nafasi yake, na ada hakurudisha, kwa kuwa tuliandikiana hivyo. Kepteni alikuja kumwona kila Jumapili. Hakuwahi kunilaumu, na hilo lilinilemea kuliko kama angenitukana. Kijana alirudi kusini kabla ya mfungo akiwa anachechemea. Baadaye tulisikia anashona kwa kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mpira hakucheza tena, na kwangu hakurudi.

Wiki moja baada ya kuondoka kwake, wale watu watatu walibisha hodi tena. Walisema kwa adabu kwamba, kwa vile njumu zilicheza mechi moja tu na ile ikapotea, wapenzi wa timu wanaomba fedha yao. Niliwalipa shilingi thelathini na nane, nikabaki na njumu, nikaziuza sokoni kwa kumi na tano. Ada ya fundi ilikuwa shilingi sitini, mama wa Kigamboni alichukua ishirini na tano, dawa na nauli zilikula saba na senti hamsini. Nilijumlisha mara mbili nikiwa nimekaa na mke wangu, kwa sababu akiba ile ilikuwa yetu sote wawili na alikuwa na haki ya kujua. Tulikuwa tumepoteza shilingi mia moja na kumi na tano na senti hamsini.