Mwarobaini wa Mwisho Bulla Pesa

Watu wanaokaa kwenye ofisi zenye feni wana maneno matamu sana kuhusu kupendezesha mji. Wangeombwa waje wasimame mtaani kwetu Bulla Pesa saa saba mchana, bila kofia, tuone kama maneno yatawatoka.

Istar Dualeh ameuza maziwa ya ngamia hapa kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo penye mwarobaini uleule. Maziwa hutoka malishoni Burat asubuhi na mapema kwa pikipiki. Akishayapokea, anaifunika mitungi kwa magunia aliyoyalowesha, anaisogeza karibu na shina, na hapo kivulini hayagandi hadi saa kumi. Maji anayosuuzia mitungi anaumwagia mti. Ndivyo alivyoukuza tangu ukiwa mche wa kufika magotini, na hakuna ofisi iliyowahi kumletea hata kikombe kimoja cha maji.

Basi wakaja watu wa kulaza kabro, yale matofali ya saruji ya barabarani. Barabara ile ilikuwa na miarobaini minne. Mitatu waliiangusha Ijumaa wakati wa swala, Istar akiwa ameenda kuswali na vibanda vingi vimefungwa. Mtu hachagui saa kama hiyo kwa bahati. Anachagua kwa sababu anajua akiulizwa hana jibu.

Kesho yake Nakiru, aliyekuwa akiuza sukuma wiki chini ya mti wa pili, aliona mboga zimelegea kabla ya saa nne. Akabeba beseni lake akahamia kwa Istar, wengine wakamfuata, wakabanana hapo. Ukitoka kivulini ukakanyaga kabro mpya, joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria. Hata mbuzi walikataa kupita.

Jumatatu Kevin, msimamizi wa kazi, akaleta msumeno wa mashine kwa mti wa nne.

"Habari, mama. Maliza kuuza, saa saba tunakata huu."

"Umekukosea nini?"

"Kwa mchoro hakuna mti. Na mizizi itainua kabro."

"Huo mchoro umechorwa wapi?"

"Nairobi."

"Wanachora wakiwa kwa baridi, halafu jua wanatuachia sisi." Istar akasimama kati ya msumeno na shina. "Ukikata huu nimekwisha. Maziwa yataganda saa tano, nani atanunua? Huu si wa mapambo, kijana. Hiki kivuli ndicho kinanilisha."

Kevin akatazama saa yake, akaenda zake.

Saa saba ilipofika, wafanyakazi wake kumi na mmoja walikuwa wameshakula na kulala chini ya mti huohuo, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kulala. Istar hakuwafukuza. Kevin alimwita Ekitela, mshika msumeno, mara tatu. Ekitela akafungua jicho moja.

"Kata wewe, bosi. Kesho nitapumzikia wapi?"

Hakuna mwingine aliyeinuka.

Kevin akatoa simu ampigie injinia. Jua lilikuwa kali hata kioo hakisomeki. Akaikinga kwa kiganja, wapi. Akaipa jua mgongo, bado. Mwishowe akaingia kivulini, akaruka miguu ya wafanyakazi wake, akapiga.

"Mwambie umesimama wapi ukiomba kukata," Istar akamwambia.

Kevin akatazama juu kwenye matawi, huku injinia akiita haloo, haloo. Jasho lilikuwa limeanza kumkauka shingoni.

"Injinia," akasema, "huu mmoja nitauzungushia kabro. Hapana. Sikati."

Nakiru alicheka akapiga makofi. Istar hakumshukuru mtu. Amshukuru kwa lipi? Mitatu ilikuwa tayari kwenye lori, imekatwakatwa iwe kuni.